Ufunguo Mmoja Watosha Ofisi Nzima

Anza na neno la siri. Liwe jina la ofisi na 123 mwishoni, uliandike kwenye kikaratasi na kukibandika kwenye kompyuta ya keshia, upande unaotazama wateja. Kwenye saccos niliyofanyia kazi tulikuwa na kikaratasi cha namna hiyo. Gundi ilipokauka kikapotea, dada wa chai akatutajia herufi zote kwa kichwa.

Wote muingie kwa jina moja, "Ofisi". Mkaguzi akiuliza nani alitoa pesa Jumapili saa nane usiku, mjibu kwa ukweli: Ofisi.

Kugawa mamlaka ni roho mbaya. Huyu aone salio tu, yule aingize malipo, mwingine aidhinishe, kwani hamuaminiani? Anayeingiza na aidhinishe mwenyewe, foleni isogee. Benki ya Barings ya Uingereza ilimwamini hivyo kijana wake wa Singapore, Nick Leeson. Alikuwa sokoni akinunua na kuuza, akirudi ofisini ndiye anayesimamia hesabu za biashara hiyohiyo. Hasara akawa anaifukia kwenye akaunti namba 88888. Mwaka 1995 shimo likafika pauni milioni 827, na benki iliyoanzishwa 1762 ikauzwa kwa pauni moja. Pauni moja! Ila kazi, lazima tukiri, zilikuwa hazichelewi.

Mtu akiacha kazi, mkatieni keki, mpeni saa ya ukutani, akaunti yake msiiguse. Mwaka 2021 wadukuzi waliingia kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani kwa akaunti ya zamani isiyotumika tena, ambayo ilidai neno la siri tu, bila namba ya uthibitisho. Bomba la mafuta likazimwa siku kadhaa, kampuni ikalipa bitcoin 75.

Kuhusu namba hiyo ya uthibitisho, usiiogope, ina dawa. Meneja wetu akisafiri, simu yake hupokea namba, naye humpigia katibu muhtasi amsomee. Siku moja mtandao ulikuwa mbovu, dada wa watu akaweka spika.

"Andika: nne, mbili, sita, sita…"

"Nimeandika, bosi. Inakataa."

Mzee mmoja kwenye foleni akasogea dirishani, kitabu cha akiba kwapani. "Mwanangu, umeandika saba. Amesema sita, mara mbili."