Bwawa la Sombe

Ukitaka kujua Minago, hapa kwetu Burundi, ina wataalamu wangapi wa maji, chimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba. Hujamaliza kulijaza, wote watakuwa wamefika, kila mmoja na dawa yake mfukoni. Siku ya kuchimba, hao hao walikuwa na homa, misiba na safari za ghafla.

Wazo lilikuwa la shemeji. Tangu nchi zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilipoanza kuzungumzia kulipumzisha ziwa kwa msimu, na Tanzania ikafunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, shemeji haoni kitu kingine ila biashara. "Shemeji, ziwa likifungwa, sisi tunafungua." Mimi nilikuwa na hesabu zangu: tilapia wachache wa kula nyumbani, na kiti cha kukalia jioni nikiwatazama wakiogelea.

Balaa ilianzia hapo kwenye kuwatazama. Bwawa limekaa kati ya jiko na michikichi, na udongo wake ni ule ule mwekundu unaoporomoka kutoka milima ya Mumirwa kila masika na kuipaka rangi barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge. Mwanzoni maji yalikuwa mekundu. Wekundu ulipopungua ukaingia ukijani, tena ukijani mzito usio na haya. Kwamba ndani mlikuwa na samaki, nilijua kwa sababu risiti yao ninayo.

Mama mkwe akaja kutoka Nyanza-Lac kututembelea. Akasimama ukingoni, akakaza kitenge, akainamia maji kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba, sombe yote hii mtaila na nani?"

Sombe ni kisamvu, na neno halikulala ndani ya ua. Leo ukimwambia kijana wa teksi-moto akupeleke kwenye bwawa la sombe, haulizi swali la pili. Anakufikisha, anazima pikipiki, na yeye anaingia kuangalia.

Kinachouma zaidi ni jirani niliyepewa na Mungu. Ukivuka barabara tu, unakutana na ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo duniani kote linashindwa kwa kina na Baikal peke yake. Upepo ukilala, mvuvi ndani ya mtumbwi wake anahesabu mawe yaliyo zaidi ya mita kumi chini. Wageni wanatoka kuyaona maji hayo, halafu wanaletwa uani kwangu. Wenye adabu husifu michikichi.

Basi wataalamu wakaanza kazi. Wa kwanza alileta shabu. Ni kweli shabu hutuliza maji ya ndoo, lakini huyatia ukali vilevile, na kwenye bwawa ukizidisha kipimo unabaki na maji maangavu yaliyojaa maiti. Nikamshukuru, nikaiweka juu ya kabati. Wa pili, jirani mwenye mabanda, alituazima bata. "Hao watakula ukijani wote." Walikula kidogo, na walichokirudisha majini kilikuwa kingi kuliko walichokitoa. Samadi ya bata ni mbolea ya nguvu. Maji yakanawiri. Jirani akaja kuwachukua bata wake na kuuliza kama wametaga.

Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyekuja na jambo la maana: mlonge. Huu si uganga. Ndani ya mbegu zake mna protini zinazozikamata chembe za tope na kuzishikamanisha, hata ziwe nzito zizame. Tulizimenya, tukazitwanga kwenye kinu, tukakoroga unga wake kwenye ndoo ya maji ya bwawa: kwanza kwa haraka, kisha polepole, kisha tukafunika. Tulipofunua baada ya swala ya alasiri, tope lilikuwa limelala chini, na juu yake maji yalikuwa yametulia mpaka tukaliona bonyeo la ndoo alilolipiga mtoto kwa mchi mwaka jana. Watu walipiga makofi. Shemeji akachukua simu, akahesabu mbegu za ndoo moja, akazidisha kwa bwawa zima. Akanyamaza. "Shemeji, hapa unahitaji msitu."

Na hata ningeupata, kuna mpinzani mle ndani. Tilapia dume akitaka kuoa hujenga. Anachimba sakafu ya bwawa kwa mdomo, anabeba tope, anasogea pembeni, analitema, anarudi kubeba jingine, mpaka apate kishimo cha mviringo cha kumkaribishia bibi harusi. Siku moja maji yalipokuwa yametulia kidogo pembeni nilimwona kwa macho yangu, na kila alipotema liliinuka wingu jekundu. Mimi nafanya usafi, mwenzangu anafanya ujenzi.

Shemeji hakukata tamaa. Alisikia kwamba majani makavu husaidia tope la mfinyanzi kutulia, jambo ambalo wafugaji wa samaki wanalijua. Wanalojua pia ni kipimo, na shemeji haamini vipimo. Alimwaga mabua ya mpunga kama anayeezeka nyumba. Yakaanza kuoza, na kinachooza majini hula hewa. Mwani nao mchana hutoa oksijeni, lakini usiku huivuta kama sisi wengine. Alfajiri, natoka msikitini, nikakuta samaki wote juu, midomo wazi. Ndiyo mara ya kwanza niliwaona kwa idadi kamili. Jirani akachungulia juu ya ua akasema, "Mashallah, wanakusalimia." Walikuwa wanakata roho. Tuliyatoa mabua kwa reki na kumwaga maji mapya kwa bidoni hadi jua lilipochomoza, na jirani akiendelea kuwarudishia salamu.

Hapo ndipo nilipomwita agronomu. Alikuja bila dawa. Alikunja mkono wa shati, akachuchumaa, akauzamisha mkono majini kiganja kikiwa juu, taratibu, akikitazama. Kiganja kilipotea maji yalipofika katikati ya kigasha. Akauchomoa, akajifuta kwenye suruali. "Hongera," akasema.

Nilidhani ni kejeli. Kumbe ule ukijani ndio chakula chenyewe: mwani mdogo, na vijidudu wanaoula mwani huo, na tilapia anavitaka vyote. Kiganja kikipotea karibu na kiwiko, yaani kama sentimita 30, bwawa lina afya. Kikipotea mapema kama changu, punguza pumba na samadi. Kikionekana mpaka begani, samaki wana njaa. "Ukitaka maji maangavu," aliniambia, "toa samaki."

Nikamwonyesha ziwa. Mbona lile? Akacheka. Ziwa lile, alisema, ni angavu kwa sababu ni maskini juu; utajiri wake umezama. Upande wetu wa kaskazini, ukishuka kama mita mia moja oksijeni inakwisha, na rutuba yote inayozama huko inabaki huko. Ni upepo wa kusi wa kiangazi unaolitikisa ziwa na kuipandisha kidogo. Mwani unaota, na samaki kama ndagala na mukeke wanapata riziki. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba maji ya juu yamepata joto, yanachanganyika kwa shida na ya chini, na uzalishaji wa mwani umeshuka kwa karibu asilimia 20. Kwa hiyo uangavu ninaouonea wivu una bei yake, na wavuvi ndio wanaoilipa kila wanaporudi na karabai zilizoishiwa mafuta na nyavu nyepesi.

Wanaofaulu kupata vyote viwili, maji maangavu na samaki, wako mbali. Tangu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipoanza kuuza nje samaki hai kutoka Burundi, samaki wadogo wa mawe ya mwambao huu wanaishi Ulaya ndani ya vioo. Mmoja anaitwa Neolamprologus brichardi kwa heshima yake. Huko maji yao huchujwa kwa pampu usiku na mchana, wanalishwa kwa kipimo, na umeme haukatiki. Hawamlishi mtu, wanapendeza tu. Mimi umeme ukikatika hata ndevu sinyoi.

Nyumbani tumegawanyika. Mama watoto anasema bwawa ni la kutazama, na kwamba yeye hajawahi kukaribisha wageni mbele ya sombe isiyo na mawese. Shemeji anasema bwawa ni la pesa. Tulipolipunguza maji ili tujaze mapya na ukijani ushuke, akaomba tusiyamwage bure. Sasa anayauza bidoni kwa bidoni kwa akina mama wenye bustani za lengalenga bondeni, maana wamegundua yanastawisha kuliko mbolea ya dukani. Samaki bado hawajatuingizia hata faranga moja. Maji machafu yamekwisha kulipa deni la mbegu za samaki, na shemeji ameanza kuulizia tena wale bata.