Magunia ya Salfa kwenye Sherehe ya Watoto

Sherehe za kwetu kusini zina kamati za kila aina. Ipo ya chakula, ipo ya vinywaji, ipo ya turubai na viti, na yupo mweka hazina anayepigia watu simu mpaka usiku. Kamati ya watoto haipo. Watoto huhesabiwa kwenye sahani za pilau, kisha huambiwa wakacheze huko. Na huko wanakoambiwa waende ndiko kwenye mafiga yanayowaka, karai la mafuta ya maandazi na pikipiki za wageni.

Desemba 2024 kaka yangu wa Ruangwa alikuwa anawatoa wanawe wawili jandoni. Desemba ndio mwezi wenyewe: shule zimefungwa, ufuta na mbaazi vimeshakwenda, pesa ya korosho imeingia. Siku hizi watoto wengi hutahiriwa hospitali, lakini furaha ya kuwatoa haijapungua hata kidogo, na kwetu mjomba bado ndiye mwenye sauti. Basi ukoo mzima wa Nachingwea tukahamia Ruangwa, na wa Dar es Salaam wakaja na basi. Uwanjani kukawa na watoto wasiopungua thelathini.

Mjomba wa wale vijana ni mwalimu mstaafu. Kwenye kikao cha mwisho alisimama akasema watoto wana haki na sherehe hii kuliko sisi, kwa hiyo lazima wapate shughuli yao. Shemeji wa Dar akapendekeza tukodi lile puto kubwa la kurukia. Bei yake ilitushinda, na lile hutaka umeme kuanzia asubuhi mpaka jioni, jambo ambalo kwetu huwezi kuliwekea ahadi. Mjomba akasema tutatengeneza wenyewe. Nilifurahi sana kumsikia.

Na kweli alitengeneza. Mpira aliufunga kwa matambara, akaukaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kamba ya kuvutana ilikuwa ya katani. Wasichana waliokuwa wamevaa nguo mpya na hawataki vumbi aliwachimbia kishimo cha mdako chini ya mwembe. Ringi la gari likatundikwa tawini liwe kengele. Zawadi zilikuwa madaftari, kalamu na pakiti za ubuyu. Mbio zilipangwa mbili, za ndimu kwenye kijiko na za magunia.

Ndimu hazikuonekana. Zilikuwa zimeshakatwa kwenye kachumbari. Watoto hawakungoja ruhusa, wakakimbilia kwenye mikorosho nyuma ya nyumba na kurudi na mabibo, mekundu na ya manjano, wakayaweka kwenye vijiko. Anayejua bibo anajua linavyotiririsha maji, na doa lake kwenye nguo haliondoki kwa sabuni yoyote ninayoijua. Bibi akapiga kelele kutoka barazani, mashati meupe na kanzu zikavuliwa haraka, mbio zikaendelea vifua wazi. Hapo tuliokoka.

Tatizo lilikuja kwenye magunia. Magunia ya katani yote yalikuwa yamekwenda na korosho kwenye chama cha msingi. Binamu mmoja wa kidato cha nne, mtoto wa Dar, alitumwa stoo atafute yoyote. Akakuta mifuko myeupe imekunjwa vizuri pembeni ya mashine ya kupulizia. Kwa macho ya mtu wa mjini ilikuwa safi, na kweli ilipendeza. Ilikuwa mifuko ya salfa, ile tunayopulizia mikorosho kuanzia katikati ya mwaka ili ugonjwa wa ubwiriunga usikaushe maua. Unga wa njano ulikuwa bado umejificha kwenye mishono na pembe za chini.

Watoto saba wakajitosa ndani, wakashika midomo ya mifuko kiunoni. Kengele ikagongwa. Kila waliporuka, unga ulipanda: kwanza magotini, kisha tumboni, kisha puani. Mimi nilikuwa nimesimama mwisho wa mstari kushika zawadi, na niliona mtoto wa mbele akiacha kuruka ghafla, akatoa mkono ndani ya mfuko na kujifikicha jicho. Wa pili naye akafikicha. Harufu ya kiberiti ikanifikia kabla hawajaanza kulia. Ndipo shangazi yetu, muuguzi, alipotoka mbio jikoni na kijiko cha pilau mkononi, akipaza sauti: “Msifikiche! Mikono chini! Msifikiche!”

Aliwatoa kwenye mifuko mmoja mmoja. Akawakung'uta vumbi kwanza likiwa kavu, akawavua nguo, kisha akaanza na macho. Kichwa kinalazwa upande, maji safi yanamiminwa taratibu kutoka puani kwenda sikioni ili uchafu usiingie jicho la pili, na mtoto haachiwi mpaka robo saa itimie. Baada ya hapo mwili mzima, sabuni na maji mengi.

Maji mengi yalikuwa mapipa mawili ya wifi yangu, aliyonunua kwa mkokoteni tangu alfajiri kwa ajili ya pilau ya watu mia mbili. Kuona ndoo zinachotwa, wifi alikuja juu: “Jamani, hayo maji ya wali!” Alipofika akamkuta wa nne kwenye foleni ni mwanawe, macho mekundu, miguu inawasha mpaka anacheza. Hakusema neno tena. Alichukua ndoo akaanza kumimina, na pipa la pili alilifungua mwenyewe.

Pilau ililiwa baada ya alasiri. Mjomba aliwatangazia wageni sababu bila kuficha, na mihogo ya kuchemsha ikazungushwa kutuliza matumbo. Watoto wote saba walipona. Mwenye miguu laini zaidi alijikuna mpaka kesho yake.

Wakati tunasubiri pilau, Bibi ndiye aliyeokoa siku. Alizaliwa Nachingwea miaka ile Waingereza walipokuwa wanafyeka pori kwa ajili ya mpango wa karanga, ulioanza 1947 ukafa 1951. Reli iliyoletwa kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa yeye bado binti. Anasema rika lake walichezea mabaki: makopo, nyaya, vibao vya masanduku. Nimelifikiria hilo sana. Mtoto wa kwetu siku zote huchezea kile ambacho kazi ya wakubwa imekiacha uani, na leo kazi ya wakubwa ni korosho. Mabaki yake ni mabibo, magunia na dawa. Bati na waya vilimkata mtoto, akajua. Unga wa salfa humkalia kimya kwenye mshono wa mfuko.

Siku ile Bibi aliomba kisahani cha korosho ghafi. Wazee wakaguna, kwa kuwa msimu ule bei ilikuwa imevuka shilingi 4,000 kwa kilo kwenye minada ya mwanzo ya Oktoba, na wakulima wa RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hawamwagi korosho mchangani. Bibi hakuwasikiliza. Alizisimamisha kwa mstari, moja moja, tumbo la kila moja likikandamizwa kidogo kwenye mchanga. Akachagua moja kubwa nzito ya kurushia. Unayoiangusha ni yako mpaka mchezo uishe. Alionya jambo moja tu, kwamba anayetia korosho mdomoni anatoka mchezoni, maana mafuta yaliyomo kwenye ganda lake huunguza midomo na kuacha malengelenge. Watoto wa Dar, waliozijua korosho zikiwa nyeupe ndani ya pakiti, walilala kifudifudi kulenga shabaha. Walicheza mpaka wakaitwa kula kwa nguvu, na mwishoni Bibi alizihesabu zote zikarudi kisahani.

Ule ndio mchezo bora niliouona kwenye sherehe yoyote. Haukugharimu hata shilingi, na ulikuwa na mtu mzima aliyekaa nao mwanzo hadi mwisho akijua kila kilichomo mikononi mwa watoto.

Kwa hiyo wenzangu wa Nachingwea, Ruangwa na kote kunakopuliziwa mikorosho: mkiunda kamati za sherehe zijazo, iwepo ya watoto. Ipeni watu wazima wawili wasio na kazi nyingine siku hiyo, na pipa lao la maji ambalo jikoni hawaligusi. Na mifuko ya salfa ikishaisha dawa msiikunje mkaiweka stoo, wala msiwekee mahindi. Itoeni nyumbani siku ileile mnayomaliza kupulizia.