Dawa Nane za Usiku wa Manane

Saa nane usiku ni saa yangu. Mbu wameshashiba, feni inalalamika, na pembeni yangu mama Zai amelala usingizi wa pono. Pono mwenyewe, kwa wanaomjua kwenye sahani tu, ni samaki ambaye baadhi ya jamaa zake hujitengenezea mfuko wa utelezi usiku wakalala ndani yake. Mama Zai hana mfuko. Ana shuka, na amelichukua lote. Mimi hata lepe sina.

Nimejaribu dawa nane. Nazipanga kuanzia ya hovyo hadi ya maana, usije ukaanzia nilikoanzia mimi.

8. Kuhesabu

Babu alihesabu boriti. Dari yangu ni jipsamu, nyeupe pee, haina hata ufa. Nikahamia kondoo wa Wazungu. Wa tatu tu alifanana na mwenye nyumba, nikakumbuka kodi ya miezi sita. Toka hapo nahesabu hela, na hela zangu huisha upesi sana, usingizi haujafika hata mlangoni.

7. Kuchungulia simu

"Naangalia saa tu." Saa nane na dakika kumi. Nikilala sasa hivi nitapata saa tatu na dakika hamsini. Hesabu hiyo peke yake inatosha kukukosesha usingizi, hata kabla hujaufungua ujumbe wa shangazi kwenye kikundi cha ukoo, unaoeleza faida za kulala mapema. Kautuma saa nane kasoro. Saa ya ukutani igeuze iangalie ukuta, simu ikalale sebuleni.

6. Kahawa "ndogo tu"

Muuza kahawa hupita mtaani kwetu saa kumi na moja jioni akigonganisha vikombe, na vikombe vyenyewe vidogo hivyo, nani atakataa? Kumbe kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, wengine zaidi. Saa nne usiku ninapopanda kitandani, nusu yake bado iko kazini.

Kazi yenyewe ni hii. Mchana kutwa ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, nayo ikishakaa kwenye viti vyake ndipo macho yanapokuwa mazito. Kafeini inaviwahi viti. Inajikalia kama yule abiria wa daladala anayejifanya kasinzia ili mama mjamzito asimwombe nafasi, na adenosini inabaki inaning'inia mlangoni. Kabla hujakimbilia chai ya rangi kwa ushindi, nayo ina kafeini. Kashata haina hatia.

5. Bia mbili

Zinakulaza, sikatai. Halafu saa nane zinakuamsha kudai choo. Pombe huuharakisha usingizi wa mwanzo wa usiku na kuukatakata ule wa baadaye. Tuendelee.

4. Vidonge vya jirani

"Meza hivi vya mafua, utalala fofofo." Nililala kweli: kesho yake mchana, kikaoni, mbele ya bosi. Vidonge vile vimetengenezwa kwa ajili ya pua, havijui habari za kodi. Na dawa za usingizi hasa, za jamii ya diazepamu, mwili huzizoea, na siku ukiziacha ghafla unaweza kukesha kuliko mwanzo. Hizo ni za daktari na cheti chake, si za kupimiwa dirishani kama karanga.

3. Daftari

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, na wenzake waliwalaza vijana 57 maabarani. Kila mmoja aliandika kwa dakika tano kabla ya kulala: wengine mambo waliyoyamaliza, wengine viporo vyao. Ungedhani wa viporo ndio waliokesha. Ndio waliotangulia kulala, kwa dakika tisa hivi, na kadiri viporo vilivyoandikwa kwa kina ndivyo usingizi ulivyowahi.

Orodha yangu ya Jumanne ilisomeka: "Ada. Gesi. Fundi bomba, na safari hii asibembelezwe. Mkopo wa kausha damu: mwambie mama Zai." Asubuhi nikakuta mstari wa mwisho umepigwa tiki kwa kalamu nyekundu. Kiporo kimoja kikawa kimepungua. Nyumba haikupoa siku mbili.

2. Kuondoka kitandani

Hii niliichukia kuliko zote. Ukikadiria kwamba dakika 20 zimepita na bado unagaagaa, toka. Richard Bootzin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieleza mwaka 1972: kitanda kilichozoea kukuona ukiwaza hugeuka ofisi ya mawazo, na kila ukikipanda, kazi inaanza. Kitanda ni cha kulala, na lile jambo jingine la wakubwa. Madeni yakajadiliwe kwingine.

Kwingine kwangu ni kigoda, uani. Ng'ambo ya ukuta mlinzi wa jirani ana redio ndogo, betri zake ziko hoi, taarabu inatoka kama inaimbwa ndani ya mtungi. Bomba linadondoka kwenye ndoo, tone, kimya, tone, fundi yuleyule. Nakaa hapo gizani, sifanyi lolote, hadi shingo ianze kuanguka, ndipo narudi. Usiku wa kwanza nilirudi mara nne. Na sharti lake chungu: asubuhi unaamka saa ileile hata kama umelala kwa saa mbili tu, na mchana hulipizi. Wiki ya kwanza nilikuwa mzuka unaopanda daladala. Ya tatu, kigoda kiliniona mara moja tu.

Si ushauri wa kijiweni huo. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha American College of Physicians kilipendekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na tiba ya mazungumzo na mazoea ya namna hii kabla ya vidonge. Sugu maana yake walau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Ukifika hapo, au wasiwasi ukikufuata hadi mchana kweupe, nenda hospitali. Wapo watakaokutania kwamba unapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Waache, wao wanalala.

1. Kukesha kwa makusudi

Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, aliwashauri wasiolala wajaribu kubaki macho. Usingizi ni kama mdeni wako: ukimfuata kwake hayupo, ukishakata tamaa mnagongana sokoni.

"Baba Zai, mbona umekodoa macho hivyo?"

"Leo nakesha makusudi."

"Haya, kesha. Zima taa kwanza."

Nikazima. Nikakodolea dari nisiyoiona, sitaki kitu, sidai kitu. Nakumbuka feni ikilia mara ya tatu, labda ya nne.

Nilipogutuka shuka lote lilikuwa langu, na upande wa pili hakuna mtu. Nikatoka uani. Mama Zai yuko kwenye kigoda changu, kanga mabegani, anasikiliza redio ya mlinzi.

"Unakoroma," akasema. "Kaniletee lile daftari."