Barua ya Wazi kwa Kamishna Jenerali: Ombi la Kuikabidhi Mamlaka Huduma za Ugani Milimani Uluguru

Kwa Kamishna Jenerali,
Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya

Mheshimiwa,

Barua hii inawasilishwa kwa heshima zote zinazostahili, na shabaha yake si kuikosoa Mamlaka, bali kuipongeza kwa sifa ambayo taarifa zake kwa vyombo vya habari huipita kimyakimya: tangu ilipoanza kazi mwaka 2017, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pengine hakuna chombo kingine cha serikali kinachomfuata mkulima wa pembezoni mwa Milima ya Uluguru hadi shambani kwake, kwa miguu, bila kualikwa, na bila kumwomba hela ya mafuta ya pikipiki.

Maofisa ugani, yaani watumishi wenye jukumu la kumfikishia mkulima elimu ya mbegu, mbolea na masoko, ambao vijijini bado huitwa mabwana shamba, wana sababu nzuri za kutoonekana, kwa kuwa barabara itokayo Bigwa kwenda Mvuha na Kisaki imesifika kwa miongo mingi kwa vumbi la kiangazi na tope la masika, na baada ya barabara bado kuna vijia vya kupanda kwa magoti. Vikosi vya Mamlaka havizuiwi na hayo. Huvuka mito, hupenya vichaka, huhesabu ekari moja baada ya nyingine, na hutambua kwa jicho kali shamba ambalo bangi imefichwa katikati ya mahindi, utaalamu wa kilimo mchanganyiko ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo chini ya milima hiyohiyo, hakipaswi kuona haya kuuazima. Kasoro ni moja tu, kwamba ziara huisha kwa panga na kiberiti, na mtaalamu hushuka mlima akiwa na picha za moshi bila kuuliza mahindi yaliyobaki yatauzwa wapi.

Sifa ya pili inahusu mizani. Kilo za bangi zinapokamatwa hupimwa mbele ya mashahidi, hufungwa kwa lakiri na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha hufuatwa na kile ambacho wanasheria hukiita mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, yaani kumbukumbu inayoonyesha kila mkono uliokishika kielelezo tangu shambani hadi mahakamani, na mashauri kadhaa yamewahi kuanguka katika rufani kwa sababu pete moja ya mnyororo huo ilikatika. Kwa upande mwingine wa mlima, huko Mgeta na Nyandira, kunakotoka kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo viliwavyo Dar es Salaam, mkulima huuza kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka mdomoni, likaongezwa kilemba cha viazi juu, kilemba kikashonewa kamba kisimwagike, na zigo zima likalipwa kwa bei ya gunia moja. Lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi kuliko inavyoweza kukumbukwa, na bado hupanda fuso mchana kweupe. Kwa hiyo katika safu moja ya milima, chini ya serikali moja, zao haramu hupimwa kwa uangalifu ambao zao halali halijawahi kuuonja, na mkulima mwenye akili ya kawaida anaweza kusamehewa akidhani kwamba serikali huheshimu zaidi kile inachokichoma.

Wajuzi wa historia watakumbusha kwamba Uluguru imewahi kupokea wageni wenye ari ya namna hii. Katika Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, nia iliyokuwa njema kwenye karatasi, lakini kwenye miteremko mingi kazi hiyo ilifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuufunua wa chini usioota kitu. Watu wakachoka, wakakusanyika Matombo mwezi Julai 1955, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na baadaye mpango wenyewe ukatupwa. Ni kweli kwamba matuta si bangi, na hoja ya kulinda vyanzo vya maji ina uzito wake, kwa kuwa mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam unatoka milima hii. Hata hivyo, yapo mambo ambayo maofisa wa mwaka 1955 hawakuwahi kuyauliza, na ambayo yangeweza kuingizwa katika mafunzo ya vikosi vya leo bila gharama kubwa: mtu huyu anakula nini tukiondoka, na nani anamlipa?

Upande wa afya hauna haja ya kejeli. Kemikali ya bangi inayolevya, tetrahaidrokanabinoli, ifahamikayo kwa kifupi kama THC, huvuruga kumbukumbu na umakini, na kwa baadhi ya vijana wanaoivuta mapema na kwa wingi huongeza hatari ya maradhi ya akili; anayesema bangi ni mboga tu hajakaa na familia iliyompeleka mtoto wake hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe. Jambo linalosumbua ni mpangilio wa huruma. Tangu mwaka 2011, katika Hospitali ya Muhimbili, mraibu wa heroini amekuwa akipewa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto ili aache sindano, na kwa hatua hiyo Tanzania ilistahili sifa ilizopata. Mlimaji wa bangi, ambaye huenda hajawahi kuvuta hata msokoto mmoja, anasubiriwa na kifungo kinachoweza kufika miaka 30. Mkulima wa tumbaku naye anasubiriwa na mnunuzi, na jani lake husafirishwa kwa heshima hadi viwandani, vikiwemo vya Morogoro hapohapo, ingawa Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Lipo pia jani la mirungi, ambalo nchini Kenya ni zao linalotambuliwa na sheria na upande wa pili wa mpaka, kule Same, ni kosa la jinai, jambo linalothibitisha kwamba kemia ya mmea hubadilika mara tu unapogongewa muhuri wa uhamiaji.

Mheshimiwa asidhani kwamba barua hii inatetea wale wanaopiga kelele za kuhalalisha. Katika mjadala huo maneno mawili huchanganywa: kuondoa jinai ni kuacha kumfunga mtumiaji wa kiasi kidogo huku biashara ikibaki marufuku, ilhali kuhalalisha ni kuruhusu zao lilimwe na kuuzwa kwa leseni na kodi. Afrika Kusini ilikaribia njia ya kwanza mwaka 2018, Mahakama yake ya Katiba ilipoamua kwamba matumizi ya mtu mzima faraghani si kosa. Malawi ilichagua mlango wa pili mwaka 2020, kwa kuruhusu kilimo cha bangi ya dawa na ya viwandani. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya nayo ilipiga kura, 27 dhidi ya 25, kuiondoa bangi katika Jedwali la Nne la Mkataba wa mwaka 1961, orodha ya dawa zinazohesabiwa kuwa hatari kupindukia na zenye manufaa haba ya tiba, ingawa iliiacha katika Jedwali la Kwanza lenye udhibiti mkali.

Watetezi wa mijini husoma habari hizo na kuanza kuwahesabia Waluguru dola. Wanachosahau ni kwamba leseni ya namna hiyo kwa kawaida huambatana na ada, uzio, walinzi, vipimo vya maabara na mkataba na mnunuzi wa ng'ambo, na kwamba ardhi nyingi ya Uluguru kwa desturi ni ya ukoo, hurithiwa kwa upande wa mama, na haina hati ambayo benki ingekubali kuipokea. Siku bangi itakapohalalishwa kwa mtindo huo, mkulima wa nusu ekari ataendelea kufyekewa shamba kama kawaida, ila safari hii kosa lake litakuwa kulima bila leseni, na moshi utakuwa wa kulinda soko la mwenye kampuni. Kwa hakika wapinzani na watetezi wamekubaliana juu ya jambo moja, nalo ni kwamba mkulima huyo hana haja ya kualikwa kikaoni.

Kwa sababu hizo, Mamlaka inaombwa ichukue rasmi huduma za ugani katika vijiji inavyovitembelea. Kila kikosi kipande na mbegu zinazoufaa udongo uliopimwa, kirudi wakati wa mavuno na mizani ileile iliyopimia kielelezo, na kila gunia la viazi lifungwe kwa lakiri, lishuhudiwe na mjumbe wa kijiji, lifuatwe na mnyororo wa utunzaji hadi sokoni, na dalali atakayekutwa na kilemba cha lumbesa aeleze kilitoka wapi. Ikiwa bajeti haitoshi, Mamlaka ianze na kijiji kimoja, kwa msimu mmoja, na ikaribishe waandishi wa habari walewale wapige picha.

Nakala ya barua hii imekusudiwa Wizara ya Kilimo, Wakala wa Vipimo na wabunge wa Mkoa wa Morogoro. Nakala ya mkulima inaambatanishwa katika bahasha ya Mamlaka yenyewe, kwa kuwa posta haifiki kwake, na inaombwa apelekewe na kikosi kitakachopanda msimu ujao, kabla ya kiberiti kuwashwa.