Saa Moja ya Jaffar

Mzazi mwenzangu, wewe unayeishi na mke, watoto, mama mkwe, na shemeji aliyekuja kusalimia mwaka juzi na mpaka leo anasalimia, sogea karibu nikueleze yaliyotufika.

Nilitaka kucheza gemu. Moja tu. Prince of Persia, ile ya mwanzo kabisa ya mwaka 1989, aliyoitunga Jordan Mechner kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Kijana mwenye nguo nyeupe ametupwa gerezani chini ya kasri. Huko juu Sultani yuko vitani, na Waziri Jaffar amempa binti wa Sultani saa moja: akubali kuolewa naye au afe. Saa hiyo ni saa kweli, dakika 60 za ukutani. Kijana akifa anarudi mwanzo wa ngazi aliyofikia, lakini dakika zilizokwisha kuliwa hazirudi. Kwa hiyo mchezaji anahitaji upanga, ujasiri na saa nzima ya utulivu. Upanga unaokotwa kwenye ngazi ya kwanza.

Kwetu kompyuta ni moja, na ni ya mke wangu. Huyu mimi namwita Mkaguzi Mkuu, maana hata uniti za LUKU anazo kwenye daftari, na hesabu zote za kikoba cha mtaani zimo kwenye kompyuta hiyo. Yuko kijana wetu Nassir, au Profesa, wa kidato cha pili, ambaye haamini jambo mpaka alione kwenye simu. Yuko mdogo wake Kipaza, darasa la pili; habari ikimfikia yeye, imewafikia majirani. Yuko Shemeji Chaji, aliyepewa jina na watoto kwa kuwa akiingia chumba chochote kwanza hutafuta soketi. Na juu ya wote yuko mama mkwe wangu, Mama Televisheni.

Mama kazaliwa na kukulia Unguja, na Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973. Sisi wa bara tulisubiri mpaka 1994. Hilo hajalisahau, wala hajaniruhusu mimi nilisahau. "Mwanangu, wakati sisi tunatazama rangi, nyie mkitazama nini?" Tulikuwa tunasikiliza redio, Mama. Na kompyuta ndiyo kabisa: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na mlango ukaja kufunguka polepole, baadaye sana. Ndiyo maana miaka ya themanini, watoto wa Uingereza walipokuwa wanapakia gemu kwa kanda za kaseti kwenye ZX Spectrum zao, sisi hatukuwa na habari. Gemu hizi wengi wetu zilitukuta miaka ya tisini, kwenye disketi, ofisini kwa watu wazima.

Mimi nilikutana na kijana wa nguo nyeupe ofisini kwa baba mdogo, aliyekuwa wakala wa forodha. Wahasibu wakienda kula, watoto tunaingia. Toleo lile la kompyuta za DOS lilikuwa na mtego wake: ukivuka ngazi ya kwanza unakuta chumba chenye chupa za dawa, kila chupa na herufi yake, na unatakiwa unywe ile ya herufi inayoanza neno fulani katika kitabu cha maelekezo. Ukikosea, kwisha. Sasa disketi zetu zilikuwa za kunakili, kitabu tukitoe wapi? Mtoto mwenye fotokopi yake aliheshimiwa kuliko mwenye baiskeli.

Basi Jumamosi, Mkaguzi Mkuu kaenda sokoni, nikafungua kompyuta. Siku hizi ipo programu iitwayo DOSBox, inaifanya mashine ya leo ijione ya zamani, na gemu inakwenda vilevile kama zamani, na milio yake. Nikaketi. Saa ya Jaffar ikaanza.

"Baba, mbona hana uso?"

Profesa. Nikamweleza, kwa sababu suala hili nalipenda na mtoto akiuliza anastahili jibu. ZX Spectrum kubwa ya mwaka 1982 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48, na picha moja anayomtumia rafiki yake kwa WhatsApp mara nyingi inazidi hapo. Humo humo Matthew Smith aliingiza mapango 20 ya Manic Miner mwaka 1983. Mwaka uliofuata vijana wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, wakatoa Elite kwenye BBC Micro ya kilobaiti 32: galaksi 8, kila moja na sayari 256, na kila sayari na jina lake. Hawakuzihifadhi mahali, maana pa kuziweka hapakuwapo. Mashine ilizikokotoa upya kutoka kwenye namba chache kila zilipohitajika, na zikatoka zilezile. Profesa akanyamaza. Nyumbani kwetu hilo ni jambo kubwa.

Halafu kijana wa kwenye kioo akakimbia, akaruka, akadaka ukingo wa ukuta, akajivuta juu, na Profesa akavuta kiti. Anakwenda kama mtu kwa sababu alikuwa mtu. Mechner alimchukua mdogo wake, David, akamvalisha nguo nyeupe, akampiga video anakimbia na kuruka. Kisha akaipiga picha televisheni, mkao kwa mkao, akasafisha filamu, akakoleza umbo kwa kalamu nyeusi, akatoa fotokopi, ndipo akaingiza kwenye kompyuta. Miaka kadhaa ya maisha yake. Nilipofika hapo Profesa aliinuka taratibu na simu yake, akamwita Kipaza nje. Sikumfuatilia, nilikuwa na mlinzi mbele yangu.

Mama Televisheni akaja na kikombe chake cha kahawa. Akatazama kidogo, akauliza yule binti ni wa nani na yuko wapi mama yake. Nikamweleza. Aliposikia waziri anamtaka binti wa Sultani kwa nguvu, akakaa kitako. Hadithi hizi anazijua. Mechner alichota kwenye Alfu Lela Ulela, na Mama alisimuliwa Alfu Lela Ulela kabla ya kujifunza kusoma. "Mawaziri wale hawana wema hata mmoja," akasema, na tangu hapo akawa ndiye anayeamua tupite kushoto au kulia.

Ngazi ya nne kuna kioo. Kijana anakipenya kwa mbio, na upande wa pili kinatoka kivuli chake na kukimbia zake. Kivuli kile ndicho ninachokipenda kuliko vyote humo. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa imejaa, hapakuwa na nafasi ya kuchora adui mwingine. Mechner akachukua michoro ileile ya shujaa, akaisogeza kidogo na kuipandisha juu yake yenyewe, na likatokea zimwi linalometameta, lisilogharimu mchoro hata mmoja wa ziada. Mbeleni huko ukikutana nacho na kukichoma upanga, unaumia wewe. Dawa yake ni kurudisha upanga alani na kukiendea. Nilikuwa namweleza Mama hayo, naye anatikisa kichwa kwa makini, ndipo sebule ikaanguka.

Yaani fimbo ya pazia. Profesa alikuwa amemvalisha mdogo wake kanzu yake ya Idi, nyeupe pee, ikaburuta chini. Kukimbia koridoni walishapiga video, wakabakiza kuning'inia. Kipaza akapanda kochi, akarukia fimbo. Fimbo ikaja na pazia, pazia likaja na Kipaza, na wote watatu wakamshukia Shemeji Chaji, aliyekuwa ameinama palepale kwenye soketi. Chupa ya chai ikaenda, vikombe viwili vya Mama navyo vikaenda. Mtoto mzima, hana hata mchubuko, anapiga kelele za furaha. Shemeji kafungwa ndani ya pazia anauliza kama umeme umekatika. Dakika za Jaffar zinakimbia, na Mama anaziangalia peke yake, anaita: "Njooni jamani, binti ataolewa!"

Mkaguzi Mkuu akaingia na kapu.

Akatazama chini, akatazama juu. "Baba Nassir."

"Naam."

Hakuongeza neno. Profesa, mtoto mwenye akili, akampa simu. Akaitazama ile video: Kipaza hewani, kanzu imejaa upepo, mikono mbele, nusu sekunde kabla ya fimbo kukubali. Akairudia. Akauliza ni kwa nini, nikamsimulia habari ya David na nguo nyeupe, na baba yao, Francis Mechner, ambaye ndiye aliyetunga muziki wa gemu, na jinsi baba huyohuyo mwaka 2012, katika kupekua kabati, alivyokuta boksi la disketi zenye programu ya asili ambayo mwanawe aliitafuta kwa miaka mingi.

Sasa mwenzangu, angalia mambo yanavyogeuka. Mimi na mke wangu tuna mgogoro wa muda mrefu kuhusu stoo. Mimi nataka tusafishe, humo kuna pasi za mkaa, vitabu vya hesabu vya shule aliyosoma yeye, redio isiyo na kifuniko. Panya wameweka makazi, na Alhamisi nilinunua mtego mzuri wa chuma.

"Umesikia?" akasema Mkaguzi Mkuu. "Kabatini. Wangelitupa lile boksi?"

Mgogoro wa stoo ukaisha hapo.

Jioni wanakikoba waliokuja kukutana kwetu walipoondoka na hesabu kufungwa, tulirudi kwenye gemu tuliyoihifadhi, familia nzima na vipande vya pazia. Ngazi ya nane, kijana kanasa nyuma ya lango, hakuna njia. Ndipo binti wa Sultani akamtuma panya wake mweupe. Panya akaja mbio, akakanyaga kitufe, lango likapanda. Kipaza alilia. Alilia kwelikweli, na Mama akamkumbatia na kusema mnyama yule ana utu kumshinda Jaffar.

Kijana bado yuko njiani, Jaffar anamsubiri, na Jumamosi ijayo Mama kaamua upanga atashika Profesa. Mtego wa panya upo juu ya kabati la vyombo, Kipaza kauondoa stoo kwa idhini ya bibi yake. Na asubuhi hii Mkaguzi Mkuu yuko jikoni anahesabu dagaa, anataka kujua ni nani anayewapeleka stoo kwenye kisosi.