Mpeni Mzee Kiti cha Plastiki

Watoto wanaomtafutia baba yao zawadi ya ofisi ya nyumbani huanza na kiti, na huanza vibaya. Wanafungua simu, wanatazama picha za viti vya ngozi vyenye magurudumu, mgongo wa wavu na egemeo la shingo, kisha wanaanza kuchangishana. Kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu mambo yamekwenda hivyo hivyo. Kaka mkubwa anataka kiti cha meneja. Dada aliyeko Mwanza anataka meza ya kupandishwa, mzee afanye kazi amesimama. Mdogo wetu anataka taa ya duara ili sura ya mzee ing'ae vikaoni. Mimi nimebaki peke yangu upande wa kile kiti anachokalia sasa hivi, cha plastiki, ambacho zamani kilikuwa cheupe. Kundini wamenijibu kwa vikatuni vya kucheka, basi nauleta utetezi wangu hapa ambako nafasi ni kubwa na hakuna vikatuni.

Mzee wetu ni mhasibu. Anafunga hesabu za wateja walioko Dar es Salaam akiwa nyumbani Kiwangwa, kando ya ile barabara ya kilometa 64 inayotoka Bagamoyo hadi Msata. Kiwangwa watu wanaijua kwa mananasi, si kwa mizania ya hesabu. Majirani wanatoka alfajiri kwenda kupalilia, wakirudi wanamkuta vile vile walivyomwacha, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Shikamoo mzee. Leo hukwenda kazini?" Anajibu, "Marahaba, ndiyo niko kazini." Wanatabasamu kwa adabu na kuendelea na njia yao.

Sasa niambieni, ofisi ya mtu wa namna hii iko wapi? Wenzangu wa kiti cha meneja wanadhani iko chumbani, kwenye kona, mezani. Hiyo ni ofisi ya kwenye picha. Ofisi ya mzee iko pale penye mtandao na kivuli, na viwili hivyo havikai pamoja siku nzima. Asubuhi yuko barazani. Ikifika saa nne jua limeshaingia barazani, anahamia chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Alasiri mtandao unalegea kule nyuma, anasogea uani upande wa barabara, kwenye kipande kidogo cha kivuli cha ukuta ambako simu yake inashika vizuri. Kila akihama, kompyuta inakwenda kwapani, simu yenye bando inakwenda mfuko wa shati, na kiti kinaning'inia kwenye vidole viwili. Kiti hiki kina kilo mbili na nusu, tatu kikizidi sana. Hicho cha meneja kinahitaji mikono miwili na kijana wa kusaidia, na vile vigurudumu vyake vilitengenezewa zulia. Kiburuze kwenye mchanga wa uwanja wetu, ukifika chini ya mwembe utakuta umeshapiga tuta la viazi.

Wapo wanaokidharau kiti cha plastiki kwa kudhani hakina ukoo. Kina ukoo. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti alichokiita Fauteuil 300, na hivi vyetu vinahesabiwa kuwa wajukuu zake. Chembechembe za plastiki iitwayo polipropilini huyeyushwa kwenye joto la nyuzi zipatazo 220, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, na kabla dakika mbili hazijaisha kiti kizima kimetoka, miguu, mikono na mgongo. Hakina msumari, hakina gundi, hakina kiungo hata kimoja kinachoweza kulegea. Waulizeni wenye viti vya magurudumu ni mara ngapi wamepiga magoti kutafuta nati iliyoanguka chini ya kabati.

Najua mtaniletea kiti cha enzi. Mafundi wa Lamu na Unguja walikichonga kwa mpingo, wakakitia nakshi za pembe, wakakisukia kamba mgongoni na kwenye kikalio, wakakiwekea na pa kupumzishia miguu. Kilikuwa kiti cha mgeni mheshimiwa, na leo ukitaka kukiona nenda makumbusho. Uzuri wake sibishani nao. Ila nauliza, nani alifanya kazi juu yake? Kiti cha enzi kilikaliwa na mtu anayesubiri kuletewa kahawa. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipotaka kumuenzi Mwalimu Nyerere kwa fikra, mwaka 2008 kilianzisha Kigoda cha taaluma, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Walijua kwamba anayetakiwa kufikiri hapewi pa kuegemea shingo.

Hapo ndipo kiti cha plastiki kinapovizidi vyote. Baada ya nusu saa kinaanza kufinya mapajani. Baada ya saa moja, kwa joto la huku pwani, shati limeshikana na mgongo wa kiti na ukiinuka linabanduka kwa sauti. Wenye kuona karibu wanaita haya mateso. Mimi naita afya. Madaktari wanatuhimiza tusikae muda mrefu bila kuinuka, na kuna saa za mkononi za bei kubwa zinazomtetemesha mtu kumkumbusha asimame. Mzee haihitaji saa hiyo. Kiti chenyewe kinamwinua, anakwenda kuwatazama kuku, anakunywa maji, anarudi na mistari ya kikalio imemchoreka nyuma ya mapaja. Kwenye kiti cha ngozi angekuwa amelala tangu saa sita, na wateja wa Dar wangepelekewa hesabu za ndotoni.

Wanasema hakipandi wala hakishuki. Hao hawajawahi kukaa na watu. Kiti kikiwa kifupi kwa meza, unachukua cha pili unakipachika juu yake. Mkaaji akiwa mnene na kiti kina ufa, unapachika viwili, hata vitatu, na sasa kina kimo na kina nguvu. Mtambo gani wa gesi unafanya hivyo? Kazi iko siku ya kuvitenganisha, vinapokuwa vimeng'ang'aniana na watu wawili wanavutana uani, mmoja ameshika mgongo na mwingine miguu, mpaka viachane kwa mlio na wote wawili waende kinyumenyume. Hiyo nayo ni mazoezi.

Lipo suala la kuanguka, na silikwepi. Ni kweli kwamba mguu wa nyuma wa kiti cha plastiki, ukizeeka na jua, hufunguka pole pole na bila taarifa. Ni kweli pia kwamba mzee aliwahi kutoweka kwenye kioo katikati ya kikao cha video. Alikuwa anaeleza madeni chechefu, wateja wakabaki wanatazama tawi la mwembe na anga, halafu ikasikika sauti yake kutoka chini ikimalizia sentensi. Lakini tupime anguko kwa kimo. Desemba 1889, hapo hapo Bagamoyo, Wajerumani walimfanyia karamu Emin Pasha, aliyekuwa ametoka bara na msafiri Stanley. Kulikuwa na ghorofa, meza, vinywaji na viti vya heshima. Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, aliinuka, akakosea dirisha akidhani ni mlango wa roshani, akaangukia barabarani. Aliumia vibaya akabaki hospitalini, na Stanley akavuka kwenda Unguja bila yeye. Angekaribishwa uani chini ya mti, kwenye kiti cha plastiki, kisa chake chote kingekuwa cha sentimita arobaini na kitu, na angepanguswa mchanga tu.

Tena mguu uliopasuka si mwisho. Pindua kiti cha mzee utazame chini ya kikalio, upande wa kushoto. Kuna ufa wa kiganja kimoja, na kando yake matundu yaliyotobolewa kwa msumari uliopashwa moto jikoni, tundu kwa tundu, kisha ukashonwa kwa waya mwembamba kwa mtindo wa kushona gunia. Kingo za matundu zimeyeyuka na kukauka zikawa na vigamba vyeusi. Kushona huko kumeshavuka masika na kiti bado kinabeba mhasibu mzima na kompyuta yake. Kiti cha meneja kikipasuka pampu utampelekea fundi yupi wa Kiwangwa?

Ulaya hawakielewi. Mji wa Basel, Uswisi, uliwahi kuvipiga marufuku viti hivi katika maeneo ya wazi ili kutunza sura ya mji. Ng'ambo tu ya mpaka kutoka Basel, huko Weil am Rhein, Makumbusho ya Vitra yakakifanyia maonyesho yake maalumu mwaka 2017. Upande mmoja kilifukuzwa, upande wa pili watu walilipa kiingilio kukitazama. Aliyekielewa barabara ni mhandisi Mmarekani, Don Schoendorfer. Miaka ya 1970 alimwona mwanamke huko Morocco akijikokota ardhini kuvuka barabara kwa kukosa kiti cha walemavu. Baadaye alichukua kiti cheupe cha plastiki, akakifunga magurudumu yanayohimili barabara mbovu, na tangu 2001 shirika lake limegawa viti vya walemavu zaidi ya milioni moja. Hapo sifanyi mzaha. Angeanza na kiti cha ngozi asingefika hata elfu.

Kwetu Tanzania mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kiti kikapita salama. Sheria ililenga mifuko, lakini hata ingelenga kiti, sijui nani angethubutu kuitekeleza, maana msiba wa siku hiyo watu wangekalia nini?

Na hapa ndipo naomba kaka mkubwa asome taratibu. Kiti cha ofisi kina mwenyewe, na mwenyewe akiamka kinabaki kitupu. Kiti cha plastiki cha mzee kina jukumu pana. Kukitokea msiba, vijana wanapita nyumba kwa nyumba, na hakuna anayesema chake kina kazi. Kinapangwa chini ya turubai, wanakalia wazee, na usiku wacheza bao. Kukiwa na arusi kinavishwa kitambaa cheupe na utepe mgongoni, na bwana harusi anakalia bila kujua kwamba juzi palifungwa juu yake hesabu za robo mwaka. Siku kiti kikienda msibani, mzee anawaandikia wateja kwamba leo ofisi imeazimwa. Hakuna zawadi nyingine ya kazini inayomletea mtu likizo bila kuomba, na inayokubalika hivyo. Nani atagombana na msiba?

Kwamba wakati mwingine kinachorudi sicho kilichokwenda, ni kweli. Cha mzee kina herufi zake kwa rangi nyekundu ya mafuta nyuma ya mgongo, lakini tangu mwaka jana anakalia kiti chenye herufi za mtu mwingine, na yupo mtu anayekalia za kwake. Wote wawili wanajua na hakuna aliyelizungumza. Wanasalimiana kila siku.

Baada ya maneno yote haya, huko kundini kaka amekubali shingo upande, kwa sharti kwamba nikinunue mimi na nisimletee takataka. Basi niseme ninavyochagua. Kwanza nakipindua. Chini ya kikalio pawe na mbavu nyingi zilizokaribiana, na pembe ambapo mguu unaungana na kikalio pawe nene. Napakandamiza kwa goti mbele ya muuzaji, na muuzaji akinung'unika naelewa kwa nini. Nakiweka sakafuni nione kama miguu yote minne inagusa. Nakikataa cheupe, kwa sababu vumbi la barabara limeshatufundisha. Nachukua cha kahawia. Cha mikono si lazima, ila mhasibu anahitaji pa kuwekea kiwiko anapowaza. Nanunua na mto wa sifongo, hilo nalikubali, mradi uwe mwembamba usije ukakiharibia kiti kazi yake ya kumwinua.

Hesabu nayo iko upande wangu. Fedha tuliyokwishachanga kwa kiti kimoja cha meneja inatosha dazeni nzima ya hivi na nauli ya kuvifikisha, na muuzaji wa Bagamoyo amekubali kuvifunga kamba juu ya basi. Mzee alipoambiwa aliuliza tu kama rangi ya mafuta imo. Mama, ambaye hayumo kundini, amepiga simu kutaka kujua vinafika lini, kwa sababu Jumamosi kuna arusi kwa jirani na yeye ameshaahidi kumi. Viwili anamwachia mzee, kimoja cha kukalia na kimoja cha kupandishia kimo.