Mhadhara wa Nyongo, Uliotolewa Maili Moja Bila Kuombwa

Ndugu Mwenyekiti wa mtaa, ambaye hujafika. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa kikundi cha sabuni. Vijana wa bodaboda mliozima injini kwa heshima, au kwa kuokoa mafuta. Na wewe uliyekuja kwa sababu ulisikia kuna soda. Soda hakuna. Kuna elimu.

Kabla sijaanza nina ombi moja: msinichekeshe. Sababu zake ni za kitaaluma. Atakayenichekesha atatolewa nje, na kwa kuwa tuko chini ya mwembe, nje ni pale juani.

Mimi ni Mtaalamu Mkuu wa Nyongo, Mkoa wa Pwani, Kanda ya Kibaha na Kisarawe. Cheo hiki sikupewa na mtu, kwa hiyo hakuna mtu wa kuninyang'anya. Nilizaliwa Maneromango, nikahamia hapa Kibaha kufuata elimu. Wote mnajua Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki: shule, kilimo, afya. Mimi niliishi karibu na ukuta wao. Elimu ni kama harufu ya pilau, jirani naye anapata chake. Ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayotaka mganga asajiliwe na Baraza. Nimeisikia. Ni sheria nzuri sana. Nimeona tu nisiwaongezee kazi.

Sasa tuingie kwenye somo. Nyongo ni nini? Naona mnatazamana. Mtu akitapika maji ya njano alfajiri, mnasema "ana nyongo", anachemshiwa mwarobaini. Jamani, kila mtu ana nyongo! Yule katapika kilichobaki tumboni, na huenda ni malaria, akapimwe. Nyongo yenyewe ni yale maji machungu ya kijani yanayotengenezwa na ini, na kifuko chake ni kale kapira kalikojibanza chini ya ini, mnakokaona kwa kuku. Akina mama, nawapa heshima yenu leo. Kila Idi na kila Krismasi mnafanya upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo bila kukipasua, kwa kisu butu, mtoto mgongoni, simu sikioni. Ulaya wanasomea miaka.

Kwa wale ambao hawajawahi kuchinja nitatumia ramani. Ini ni Dar es Salaam. Usiku na mchana Dar inatoa malori ya nyongo, kati ya nusu lita na lita nzima kwa siku. Utumbo ni Morogoro. Huko ndiko mzigo unakotakiwa, kwa kuwa mafuta ya chakula hayasagiki vizuri bila nyongo. Lakini Morogoro haihitaji mzigo kila saa, inauhitaji ukila. Basi malori mengine yanapaki Kibaha. Kifuko cha nyongo ni Kibaha! Pigeni makofi, mji wenu umo mwilini. Kinabeba mililita 30 hadi 50, yaani kikombe kimoja cha kahawa ya kijiweni, na humo nyongo inapunguzwa maji mpaka inakuwa nzito. Ukila chipsi mayai, utumbo unapiga simu, kifuko kinajikamua, malori yanaondoka.

Mzigo ukizidi uzito, au ukikaa mno stendi, unaganda. Hayo ndiyo mawe. Mengi yanatokana na kolesteroli. Jiwe likiziba mlango wa stendi, kifuko kinajikamua bure, na hapo ndipo mtu anashika chini ya chembe ya moyo, upande wa kulia, saa tano usiku, anamkumbuka Mungu. Likitoka stendi likakwama barabara kuu, Dar nzima imefungwa: nyongo inarudi kwenye damu, macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, choo kinapauka. Likisogea hadi Chalinze, pale inapoingia barabara ya Tanga, yaani njia ya kongosho, likaziba, basi hata Tanga hawapiti. Kongosho linavimba. Na kongosho likivimba, ndugu zangu, hata mimi nanyamaza.

Namwona mzee wa Kisarawe amenyoosha mkono, anauliza Kisarawe ni kiungo gani. Swali zuri, mzee wangu. Kisarawe ni nyuma ya bega la kulia. Malori hayapiti huko kabisa, lakini maumivu yanafika. Mtu analalamika bega, anasuguliwa mafuta ya nazi, kumbe ugomvi uko stendi ya Kibaha.

Hapa nitoe lawama kidogo. Ugonjwa huu tumeubatiza jina la ndugu yake. Kila anayeumwa juu ya kitovu hapa Pwani ana "vidonda vya tumbo". Kajipima mwenyewe, kajiandikia magnezia mwenyewe, na kajipa nafuu mwenyewe mpaka siku ya harusi. Mnapenda vidonda vya tumbo kwa sababu vinamfanya mtu aonekane ana mawazo mengi. Mawe ya nyongo yanamfanya aonekane amekula nyama ya watu wengine. Kumbe kipimo cha kuyaona ni altrasaundi, ile ya wajawazito. Haichomi wala haikati. Unalala, unapakwa mafuta ya baridi, unaonyeshwa mawe yako kwenye runinga.

Nilikuwa nafundisha kwamba mawe yanatokana na chipsi peke yake. Mpwa wangu, tabibu, kijana asiye na adabu ila ana vitabu, akanisahihisha mbele ya wateja. Akasema, "Mjomba, na wenye selimundu je?" Damu yao inavunjika mapema, rangi yake inajaa kwenye nyongo, na mtoto mwembamba asiyejua chipsi anapata mawe meusi akiwa bado shule ya msingi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo jambo hili si la matajiri. Akaongeza kuwa wanawake hupata mawe zaidi kuliko wanaume, ujauzito unachangia, umri unachangia, na hata kukonda ghafla kwa ajili ya gauni la sendofu kunachangia. Nilimwambia hayo yote nilikuwa nayajua, nilikuwa nayahifadhi.

Sasa tufike kwenye tiba, ambako jina langu limekaa kama kibao cha duka.

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kutisha. Mimi sikwenda. Nilikaa hapa Maili Moja nikafikiri kama msomi: ikiwa watu wako tayari kulala njiani kwa ajili ya kikombe, je, wakiletewa kikombe mlangoni? Hapo ndipo ilipozaliwa Safisha Nyongo, Namba Moja. Mafuta ya zeituni kikombe, maji ya ndimu kikombe, na haluli ya kutosha. Unafunga kula mchana, unakunywa usiku, unalalia ubavu wa kulia, na asubuhi unakwenda chooni na tochi.

Na mawe yanatoka! Haya hapa, kwenye chupa hii ya kwanza. Yatazameni: ya kijani, ya mviringo, laini, mengine makubwa kama kunazi. Mteja wangu mmoja alitoa arobaini usiku mmoja, akayahesabu, akanipigia simu analia kwa furaha. Nilikuwa nayapanga dirishani kama vikombe vya ligi.

Mama mwenyekiti wa kikundi cha sabuni, ndiyo, wewe uliyeshika kitambaa mdomoni, usicheke, ndiye aliyeniharibia. Alikuja dukani kwangu kutafuta chenji. Akashika jiwe moja, akalisugua kwa vidole, akalinusa, akasema, "Baba, hii si sabuni hii?" Nikamwambia mama, sayansi hainuswi. Akasema, "Mafuta yapo, chumvi ipo, mtu mzima kakoroga tumboni usiku kucha. Sisi hutumia ndoo." Akaliacha dirishani juani. Saa sita mchana lilikuwa limeyeyuka, limechafua kalenda.

Mpwa wangu naye akaja na jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, la mwaka 2005. Madaktari wa New Zealand waliletewa mawe kama haya na mama aliyekunywa mafuta ya zeituni na ndimu. Wakayapima. Hayakuwa na kolesteroli, wala rangi ya nyongo, wala kalisi. Yaliyeyuka kwa nyuzi joto 40. Ilikuwa sabuni, imepikwa na mafuta yale yale aliyokunywa, na mawe yake halisi yalibaki kifukoni, yanasikiliza. Baadaye alipasuliwa.

Nilifedheheka? Hapana. Nilipanua biashara. Ila kusema kweli, tangu siku ile akina mama wa kikundi wananiita "mwenzetu".

Yuko kijana mmoja wa kule mtoni Ruvu aliyenishauri niongeze nyongo ya mamba. Nilimfukuza, na hapa sitanii. Bara letu lote linaamini nyongo ya mamba ni sumu kali. Januari 2015, Chitima, huko Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani, Mungu awarehemu, na lawama ya kwanza ikamwangukia mamba. Maabara ikaja kukuta sumu ya bakteria aliyeota kwenye unga wa mahindi. Mamba hakuhusika. Lakini mteja wangu akifa, nani atangoja maabara?

Upasuaji, basi. Mnajua nilivyokuwa nikiusema. Nilikuwa nasema: Mungu hakuweka kiungo cha bure. Mpwa akauliza, "Mjomba, farasi ana kifuko cha nyongo?" Hana. Ngamia hana. Tembo hana. Njiwa hana. Twiga, mnyama wa taifa, kwa kawaida hana. Nikamuuliza kama amewahi kuona twiga mwenye furaha. Akasema amewahi.

Wa kwanza kukiondoa kifuko kwa mtu mzima hai alikuwa Carl Langenbuch, Berlin, tarehe 15 Julai 1882. Wenzake walizoea kukipasua, kutoa mawe na kukiacha. Yeye akasema shida si mawe, shida ni kifuko kinachoyazaa. Mgonjwa wake siku iliyofuata alikuwa kitandani anavuta sigara. Kisha ikapita miaka zaidi ya mia, na Septemba 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akakitoa kwa matundu madogo, bila kumfungua mtu kama mlango wa kabati. Akaenda kuwaeleza madaktari wenzake, wakamcheka. Akaja kuheshimiwa miaka baadaye. Ninapomfikiria Mühe machozi yananilenga, kwa sababu na mimi wamenicheka hapa hapa Maili Moja. Tofauti yetu ni ndogo: yeye alikuwa sahihi.

Nina mgonjwa mmoja, mtu mwenye heshima zake, jina lake halitajwi. Alikwenda kwenye harusi Kisarawe. Pilau, mbuzi, na kipande cha mafuta ambacho mtu mwenye aibu angekiacha. Usiku akashikwa. Akanywa Namba Moja. Akatapika Namba Moja. Akanywa tena. Alfajiri homa, mwili unatetemeka, na shemeji yake akamwangalia machoni akasema, "Mbona macho yako kama binzari?" Mpwa wangu, yaani mpwa wa mgonjwa, akasema maneno ambayo nataka myaandike: maumivu ya hapo, na homa, na macho ya manjano, vikikutana vitatu, hakuna kikombe cha Babu, cha shangazi, wala cha Mtaalamu Mkuu. Ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Akapelekwa hospitali ya rufaa, sitasema ipi. Akawekewa dripu, akapewa dawa za kuua vijidudu. Jiwe la barabara kuu likavutwa kwa mpira wenye kamera uliopitishwa mdomoni, kitu ambacho mgonjwa hakukifurahia. Siku chache baadaye akaandaliwa kwa matundu. Nusu kaputi ikaingia mkononi, wakaniambia nihesabu, nika... akahesabu hadi tatu. Alipoamka niliona saa ya ukutani, akaiona, akadhani bado hawajaanza. Matundu manne. Manne tu! Kitovuni moja. Mnaweza kulificha kwa shati la ndani, kama hili.

Mpwa alinieleza kwamba si kila jiwe linapasuliwa. Wengi wana mawe yasiyowauma, wanaishi nayo mpaka wanazikwa nayo. Jiwe lililolala haliamshwi. Vipo vidonge vya kuyeyusha madogo ya kolesteroli, unameza miezi na miezi, na mara nyingi yanarudi. Linalouma na kurudia ndilo la kisu. Na asiye na kifuko anaishi: malori yanatoka Dar moja kwa moja hadi Morogoro, bila kusimama Kibaha. Chakula cha mafuta mengi kinaweza kumkimbiza chooni wiki za mwanzo, lakini anaishi. Inaniuma kidogo kuisema habari hiyo nikiwa Kibaha.

Hii hapa chupa ya pili. Mawe saba, meusi kidogo, yana pembe kama punje za mahindi zilizobanana. Mama wa sabuni, njoo. Sugua. Nusa. Weka juani, kaa nayo mpaka magharibi ukitaka. Unauliza yametoka kwa nani? Si nimekwambia, kwa yule mgonjwa.

Karibu, ndugu Mwenyekiti, umefika tunamaliza. Unasema nini? Umesikia kuna mtu kafungua kiwanda cha sabuni tum... Aah! Nimesema msinichekeshe! Ngoja. Ngoja nishike hapa ubavuni. Nani kamfundisha maneno hayo? Niletewe kiti.

Tangazo la mwisho. Namba Moja haipo tena sokoni. Iliyobaki nimewapa kikundi, watajua cha kuifanyia. Mhadhara wa Kisarawe uliopangwa Jumatano umeahirishwa. Jumatano mgonjwa yule anatolewa nyuzi, na ni lazima niwepo.